Mtamba Aliyeletwa na Sinema

Kasulu,
2 Juni 2024

Mama Careen, shoga yangu,

Salamu zangu zimepanda basi kabla yangu, zimewahi kiti cha mbele, na mimi nazifuata nimesimama. Hatujambo hapa Kasulu. Firdausi amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo ukiniita bibi sitakasirika, ila usiniite hivyo mbele ya wateja.

Sasa nikugombeze kidogo. Simu yako haipatikani tangu Pasaka. Nimepiga asubuhi, nimepiga jioni, yule dada wa mtandao ananijibu kwa upole mpaka nimemzoea. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa, ndipo kondakta wa basi la Kibondo akaniletea maharage yako na barua juu yake. Nilipouona mwandiko wako ule wa kulalia kushoto nilikaa juu ya belo la vitenge nikacheka, kisha machozi yakanitoka. Nilikumbuka bwenini, tulivyokuwa tukiandikiana barua na huku kitanda changu na chako vinagusana. Kaka yangu Rashid akaniuliza ni nani amekufa.

Basi nami nakujibu kwa barua, na nina ombi ndani yake. Unakijua kile kikundi chetu cha sinema, kinachozunguka vijijini na projekta na shuka jeupe. Mwaka huu tunatengeneza filamu yetu wenyewe, juu ya hii mikopo ambayo watu wanaiita kausha damu. Hadithi nimeiandika mimi. Anayeongoza ni Nickson, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, kijana mwenye haraka lakini mwenye macho. Ni mama mkulima anakopa, anashindwa kulipa, wenzake wa kikundi cha kukopa wanakuja kumtolea vyombo nje mchana kweupe. Tunatafuta nyumba ya kupigia picha na mama wa kuigiza. Nilipomaliza kuandika niliona yule mama ana uso wako, na nyumba yake ina ukuta wa yale matofali aliyoyachoma baba yako.

Tena nimekuchagua kwa sababu moja kubwa: wewe huna deni na mtu. Mwenye deni hawezi kuigiza deni, atalia kweli. Tutakulipa kidogo, na kila chombo kitarudi ndani siku hiyo hiyo.

Unalikumbuka lile gari la sinema lililokuja Kibondo tukiwa wadogo, likatuonyesha namna ya kukata matawi ya kahawa? Watu wazima walizunguka nyuma ya shuka kumtafuta yule bwana mwenye mkasi. Baba yako alikuwemo, usikatae.

Ni mimi wako,
Rabia


Murungu, Kibondo,
11 Juni 2024

Mama Firdausi,

Mwakeye, kwa salamu yetu ya nyumbani. Hongera ya mjukuu, na Mungu amkuze. Kwetu jua limeanza kuwa kali na majani ya migomba yamekunjamana, lakini tunakula.

Baba alikwenda nyuma ya shuka, ni kweli. Alirudi akatuambia yule bwana ameshaondoka, ila mkasi wake ulikuwa mzuri. Mama alicheka siku ile mpaka akaacha ugali ukaungua. Siku hizi nikikaa peke yangu jioni nasikia kile kicheko, na nyumba inakuwa kubwa kunizidi.

Simu yangu ilitumbukia majini nikichota maji. Nimeianika, imekataa. Si neno. Halafu, ukipigiwa na mtu usiyemjua akakuuliza kama unanifahamu, sema tulipotezana zamani. Watu wa ovyo ni wengi, wanaokota namba.

Unaposema mikopo mimi namkumbuka baba yako. Mzee Badru alikuwa anatoa chumvi, sabuni na mafuta ya taa miezi ya kupanda, wakati hakuna mwenye shilingi, na alikuwa haandiki mahali. Alimwambia baba, "Nenda, maharage yanakusikia." Mavuno yakija baba anapeleka maharage, na juu ya gunia anaweka mkungu wa ndizi. Mzee Badru akiona ndizi anatoa kitambaa cha kichwa kwa ajili ya mama. Mama naye akiona kitambaa anatuma kuku. Wamekufa wote na hakuna aliyejua nani anamdai nani. Natamani dunia ile, Rabia. Naitamani kama mgonjwa anavyotamani chakula fulani tu.

Nyumba njooni mpige picha. Na mimi nitaigiza, ingawa sijui kuigiza. Malipo, kama yanaweza kutangulia, yatangulie.

Lakini niambie, sinema yako inaishaje? Huyo mama aliweka nini dhamana? Kama aliweka shamba, na karatasi imeshapigwa muhuri kijijini, kuna njia gani ya kulitoa? Nauliza kwa sababu jirani yangu mmoja amepatwa na jambo la namna hiyo, na shamba lenyewe lina makaburi ya baba yake na ya mumewe. Kama umemtafutia mama yako njia kwenye hadithi, niandikie, nitamsomea.

Odilia


Kasulu,
20 Juni 2024

Mama Careen,

Umenifurahisha, na umeniliza kwa habari za baba. Alikuwa akisema riba ni moto, na mtu hawezi kulala na moto chini ya mto wake. Rashid anasema ndiyo maana tulirithi vumbi. Mimi namwambia tulirithi watu. Mpaka leo nikifika Kibondo, wazee hawakubali ninunue ndizi.

Malipo nusu nimempa kondakta pamoja na barua hii, yamo kwenye bahasha ndani ya kitenge. Kitenge ndicho utakachovaa. Nimekifua mara nyingi kichakae, kwa hiyo usinione bahili.

Sinema inaisha vibaya. Mama anafunga kifurushi, anaondoka alfajiri kwenda Uvinza kufanya vibarua, na shamba linabaki na mwenye mkopo. Nickson anataka watu watoke wakiwa na uchungu. Njia ya kulitoa shamba sikuitafuta, kwa kweli, maana hadithi haikuihitaji. Jirani yako mpe pole, na mwambie asitie tena kidole kwenye karatasi yoyote. Kukopa harusi, kulipa matanga. Watu wengine nao wanapenda vya haraka, halafu mzigo unakuwa wa kijiji kizima.

Tutafika Jumamosi, tarehe 29, tulale kwa mapadre, tupige picha Jumapili baada ya misa. Wanakwaya wa kwenu wamekubali kuwa wale wanawake wa kikundi. Nina hamu ya kukuona kuliko hiyo sinema yenyewe.

Rabia


Murungu,
9 Julai 2024

Rabia,

Mliondoka Jumapili ile mkiimba garini. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua. Ulikuwa umenikumbatia ukasema hukujua kama mimi ni mwigizaji, na Nickson akasema machozi yale hajawahi kuyaona hata kwa waigizaji wa mjini. Sikuwa naigiza. Wanakwaya walipobeba godoro langu, tena kwa adabu, wakiniomba samahani pembeni kila mara, mimi niliona siku ambayo nimeiogopa mwaka mzima imefika.

Jirani yule ni mimi. Simu ni nzima. Niliizima kwa sababu wanapiga tangu kunakucha, na nisipopokea wanawapigia watu wote ambao namba zao wanazo, wanawaambia Odilia ni mwizi. Nilikopa kwa ajili ya ada ya Careen chuoni Kigoma. Kahawa ikauzwa kwa bei ya kutupa, nikakopa kwingine nilipe pale pa kwanza, na pa pili pakawa pabaya zaidi. Nilichokopa nimekwisha kukilipa mara mbili, Rabia, na bado nadaiwa kile kile. Dhamana ni shamba la baba. Careen hajui.

Sasa sikia kilichotokea. Nickson aliificha kamera kwenye migomba ili isionekane, na waliopita barabarani waliona kitanda, sufuria na kuku wangu nje, wanawake wanabeba, na mimi nimekaa chini nalia. Pikipiki ziliipeleka habari. Mpaka jioni yake Murungu yote na Kibondo mjini walikuwa wanasema Odilia amefilisiwa. Habari haikusema sinema. Ninyi mlikuwa mmekwisha kurudisha vyombo na kuondoka.

Wenye mkopo wakasikia. Wakadhani kuna mdai mwingine amewatangulia, na wao watakuta nyumba tupu. Jumatatu walikuja vijana wawili na pikapu. Niliwaambia ilikuwa sinema. Mmoja akaniambia kila mdaiwa ana hadithi. Walichukua kitanda kile kile, na godoro, na baiskeli ya marehemu mume wangu, Marcel, na vitu vingine vya mkononi. Jirani zangu walisimama wakatazama wakicheka, wakisubiri mtoke vichakani na kamera yenu. Hakuna aliyenisaidia kwa sababu walidhani ni sehemu ya pili.

Wameniachia barua. Mwisho wa Agosti, fedha yote au shamba.

Sikukasirikii. Nimechoka tu.

Odilia


Kasulu,
14 Julai 2024

Odilia wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama dukani na mteja mbele yangu, nikamwacha na futi mkononi, nikaingia ndani. Nimekuandikia maneno ya mama mjinga anayependa vya haraka, na mama huyo ni wewe. Ulimi wangu huu. Nimejichukia.

Nickson nimemweleza. Anataka kurudi na kamera aje kuwachukua picha wale wa kweli, anasema sasa ndiyo sinema yenyewe. Nilimwambia akigusa ule mkoba wa kamera nitamkata mkono. Baadaye alikuja kuniomba radhi, maskini, alikuwa analia. Filamu nimeisimamisha.

Fedha ninayo. Niliiweka ya kuongeza chumba cha pili cha duka, na chumba kinaweza kusubiri. Nitakukopesha bila riba, utalipa ukipata, usipopata basi. Nijibu upesi nimpe kondakta.

Rabia


Murungu,
19 Julai 2024

Mama Firdausi,

Asante. Sitaki.

Ukinikopesha, kila nikikuandikia nitatafuta kwanza neno la kujitetea. Nikikutumia maharage, nitajiuliza kama unayahesabu. Wewe hutayahesabu, najua, lakini mimi nitayahesabu. Wadai ninao tayari. Rafiki niliyebaki naye ni mmoja, na siwezi kumgeuza. Ukinipa bure ni vilevile, maana nitakuwa maskini wako.

Filamu usiisimamishe. Ni ya kweli kuliko ulivyodhani ulipoiandika. Niombee tu.

Odilia


Kitanga, Kasulu,
25 Julai 2024

Kwa Odilia, mwana wa Nestori,

Ni mimi Nduwayezu wa Kitanga. Mkono unaoandika ni wa katekista Anania, maneno ni yangu.

Mama mmoja anayeuza dagaa, anayetoka Kibondo, amesema gulioni kwamba nyumba ya Nestori imetolewa vyombo nje na binti yake alikaa chini kwenye vumbi. Nilimwambia arudie. Akarudia. Sikununua kitu siku hiyo, nikarudi nyumbani.

Labda hunikumbuka vizuri. Nilipokuwa kijana sikuwa na baba wala ng'ombe, na mtu asiye na ng'ombe hakuna anayempa binti. Nestori alinijua kwa sababu tulivuna kahawa pamoja. Nilimpelekea pombe, nikamwomba, akanigabia mtamba mwenye paji jeupe. Ndivyo wazee wetu walivyofanya, na huo ndio ubugabire, kupewa ng'ombe ukawa mtu wa nyumba ya aliyekupa. Watoto wangu wamekua kwa maziwa ya mtamba yule, na wanangu wameoa kwa uzao wake. Nestori hakuniuliza nitamrudishia lini, na mimi sikumwambia. Nilikuja kuezeka paa lake. Alipokufa nilikuja nikachimba kaburi, wewe ulikuwa umemshika mama yako.

Wako watu wa zamani waliogabiwa ng'ombe na kugeuzwa watumwa, sisemi uongo. Nestori hakuwa hivyo. Lakini ng'ombe wake wana kamba ndefu, na siku nyumba yake ikianguka kamba hiyo huvutwa. Nimevutwa.

Mwana wa Nestori hawezi kukaa chini na ng'ombe wa Nestori wapo Kitanga. Jumatatu tunatoka, mimi na mwanangu Ndayikunda, tukuletee mtamba wa uzao ule. Tutakwenda polepole, kwa sababu mtamba ana mimba yake ya kwanza, na mimi nina magoti.

Nduwayezu


Murungu,
8 Agosti 2024

Rabia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na nje kuna ng'ombe anakula nyasi za uani kwangu. Nilidhani sitamsikia tena ng'ombe akipumua nje ya dirisha hili. Nilipokuwa mdogo pumzi ile ndiyo iliyonilaza.

Mzee Nduwayezu wa Kitanga, ambaye baba alimgabia mtamba kabla sijazaliwa, alisikia ule uvumi wetu. Barua yake ilinifikia siku moja kabla yake mwenyewe, sikuwahi kumzuia. Nilimwona anapanda kilima na fimbo, mwanawe nyuma, mtamba katikati, mweusi mwenye paji jeupe. Kutoka Kitanga kwa miguu, na umri ule. Nilitaka ardhi inimeze. Amemtoa mtamba zizini kwake kwa sababu ya sinema.

Nikampa maji, nikamweleza yote. Kwamba wale walikuwa wanakwaya, kwamba kilio kilipigwa picha, kwamba vyombo vilirudi ndani, na kwamba amrudishe ng'ombe wake. Alisikiliza akichora chini kwa fimbo.

"Kitanda chako kiko wapi?" akaniuliza.

Nikasema kimechukuliwa.

"Na hao waliokichukua, nao ni sinema?"

Nikasema hapana, hao ni wa kweli.

"Basi nimekuja vizuri," akasema, akaomba maji tena.

Walilala siku mbili. Alikwenda kwenye kaburi la baba, akakaa huko asubuhi nzima akimweleza habari za mifugo, nani kazaa, nani kafa. Nilisikia jina la baba likitajwa kama mtu aliye hai, na nililia kama sikuwahi kulia tangu azikwe. Kisha wakaondoka bila kudai chochote.

Sasa uone nilipo. Yule kijana wa mikopo amepita, akamwona mtamba, akatabasamu. Akaniambia Jumamosi kuna mnada, nimuuze, shamba nitalipata. Ni kweli bei yake inakaribia deni. Lakini ng'ombe wa namna hii hapelekwi mnadani, Rabia. Ukimuuza umekata kamba. Watu wa Kitanga hawatakuwa watu wetu tena, na yule mzee atakuwa ametembea na magoti yake kumletea mchinjaji nyama. Nisipomuuza, mwisho wa mwezi shamba linakwenda, na baba analala kwenye ardhi ya wale vijana, na ng'ombe sina pa kumlisha. Kila upande ninamuuza baba.

Njia ya halali ya mtamba huyu kutoka kwangu ni moja tu, naye ni mtu aje amwombe, kama Nduwayezu alivyomwomba baba. Anayeomba huja na zawadi mkononi, zamani ilikuwa pombe, na kipimo cha zawadi hakipangwi, kipimo ni moyo wake. Akigabiwa anakuwa mtu wa nyumba hii. Anakunywa maziwa, na ndama wa kwanza anarudi huku. Lakini nani leo atakuja Murungu kuomba ng'ombe kwa adabu ya zamani? Watu wana haraka, wanakwenda mnadani.

Nimeandika sana. Usiku mwema.

Odilia


Kasulu,
15 Agosti 2024

Kwa Odilia, binti Nestori, mwenye ng'ombe,

Mimi Rabia binti Badru, mwenye duka la vitenge hapa Kasulu, mjane, naleta ombi langu kwa heshima.

Sina ng'ombe. Sijawahi kuwa naye. Baba yangu alikuja huku kutoka pwani na mzigo wa chumvi, na katika miaka yote aliyoishi Buha hakuna aliyemgabia, kwa sababu hakuomba. Alidhani mambo hayo ni ya wenyewe. Alikufa akiitwa mgeni, ingawa alizika watoto wawili katika ardhi hii. Jambo hilo lilimuuma, na linaniuma mimi. Nataka kuwa mtu wa nyumba fulani.

Sinywi pombe wala siiuzi, unajua, kwa hiyo katika desturi nimeanza na kosa. Badala yake nimempa kondakta kreti tatu za soda, mfuko wa sukari, na doti nne za kitenge kipya ambacho safari hii sikukifua. Kwenye mfuko wa sukari kuna bahasha. Hiyo nayo ni zawadi ya kuomba. Uliandika kwamba kipimo hakipangwi, kwamba kipimo ni moyo wa anayeomba. Sijui kama uliandika ukijua nitasoma nini, na sitauliza. Moyo wangu una ukubwa wa chumba cha pili cha duka.

Ukinikatalia, rudisha vyote, nitajua huna imani na mkono wangu. Ukinikubalia, si mkopo wala sadaka. Mimi ndiye ninayeomba, Odilia. Mimi ndiye nitakayekuwa wako.

Rashid anasema nimerukwa na akili, kwamba ng'ombe atakula vitenge. Nimempa kazi ya kujenga zizi nyuma ya duka, na tangu jana anapiga misumari kwa hasira.

Filamu tumeendelea nayo kama ulivyotaka. Mwisho wake nimeukata, ule wa Uvinza. Nickson anauliza tuweke nini badala yake na sijamjibu.

Rabia


Murungu,
13 Oktoba 2024

Rabia wangu,

Usinilaumu kwa kukaa kimya. Kila nilipoanza kukuandikia nilishindwa, maana ni maneno gani yatatosha. Nilifungua ule mfuko wa sukari nikiwa peke yangu, nikapiga magoti hapo hapo jikoni.

Nilikwenda kwenye ofisi yao nyuma ya stendi, nimevaa kitenge kipya. Nilihesabu fedha juu ya meza mpaka yule bwana akaacha kuchezea simu yake. Karatasi ya shamba ninayo. Kabla sijafika mlangoni akaniita, akaniuliza kama ningependa mkopo mwingine, mkubwa zaidi, kwa sababu sasa mimi ni mteja mwaminifu. Nilimtazama nikaona hanitanii. Hana ubaya na mimi hata kidogo, Rabia, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee Badru angekuwa na neno la kumwambia, mimi niliikunja karatasi yangu nikatoka.

Careen nimemweleza. Alilia kwenye simu, kisha akanikaripia kama mama anavyomkaripia mtoto, na nikakubali kukaripiwa.

Nduwayezu nilimpelekea habari kwamba mtamba ameombwa na binti wa Badru wa chumvi. Amejibu kwamba anamkumbuka Badru, ambaye aliwahi kumpa sabuni siku ya harusi yake, na anauliza kama mwanamke wa duka anajua kukata majani. Nilimjibu kwa niaba yako kwamba utajifunza. Ndayikunda, aliyemswaga mpaka kwako, ameniambia mtamba alipofika Kasulu alikataa kuingia zizini, ukakaa naye nje mpaka giza likaingia ukimsomea aya. Endelea hivyo hivyo.

Sinema mliyotuletea wiki iliyopita, Murungu yote ilikuja. Mlipoondoka alfajiri nilikuwa bado sijapata nafasi ya kukuambia nilichokiona nilipokaa. Mwanzoni watu walikuwa wanacheka na kuonyeshana: kile kitanda cha Odilia, yule kuku mwekundu si yule aliyeliwa na paka pori, tazama katibu wa kwaya alivyonenepa. Nilipokaa chini kwenye ile picha wakanyamaza. Na ilipokatika pale pale, bila Uvinza, bila neno, shuka likabaki jeupe, mama mmoja wa mtaa wa chini alikuwa ameshaondoka peke yake gizani. Nilijua kwa nini. Asubuhi nilikwenda kwake, nikamkuta amezima simu. Tulikaa. Sikuwa na fedha ya kumpa, nilimweleza yangu yote, na yeye akanieleza yake. Sasa tunakwenda pamoja kwa mtendaji Jumatano.

Wewe na mimi tulionana siku ile kwa muda mfupi, tena katikati ya watu, na hujakaa kwangu tangu tulipomzika Marcel. Kwa hiyo sasa sikiliza vizuri, maana siongei kama shoga yako, naongea kama mwenye ng'ombe.

Mvua imeanza. Shamba lote la chini, upande wa makaburi, linataka maharage, na liko kwa jina langu. Kwetu aliyegabiwa huja kulima kwa aliyemgabia, na hilo haliombwi, linaagizwa. Mwachie Rashid duka na mtamba. Panda basi Ijumaa jioni, ukishaswali. Chakula kipo, kitanda wamekirudisha, mguu mmoja umevunjika lakini tutalala wawili kama bwenini na tukianguka tutaanguka pamoja.

Uje na jembe lako. La kwangu waliondoka nalo wale vijana, na hilo hawakulirudisha.

Odilia